Ulimwuliza, au Ulimwarifu?

Daftari lenyewe bado ninalo. Jalada limechakaa. Kurasa za mwanzo zina hesabu za matumizi na namba za simu za watu nisiowakumbuka tena, halafu katikati kuna ukurasa mmoja nilioandika usiku, kwa kalamu iliyokuwa ikiishiwa wino. Juu kabisa kuna herufi kubwa: MITHALI 3:5-6. Chini yake nimepiga mstari wa kusimama, ukurasa ukawa pande mbili. Kushoto sababu za kwenda, kulia sababu za kubaki. Kushoto zipo 11. Kulia 4.

Nimeutazama ukurasa huo mara nyingi, na kila mara nacheka mahali palepale. Andiko nililoliweka juu linanikataza kuzitegemea akili zangu mwenyewe. Chini ya andiko zimejipanga akili zangu mwenyewe, safu mbili, kwa namba.

Ilikuwa habari ya kazi. Mji mwingine, mbali na nyumbani, cheo kikubwa kuliko nilichokuwa nacho. Nilikuwa nimeshafanya usaili na nasubiri jibu. Nikafunga siku tatu, na siku ya tatu nikaweka ishara: Bwana, kama jambo hili limetoka kwako, wanipigie simu kabla ya Ijumaa. Alhamisi saa tisa alasiri simu ikaita. Jumapili nilikuwa mbele ya kanisa nikitoa ushuhuda, na wapendwa wakapiga vigelegele. Nilieleza hadi saa ambayo simu iliita. Sikueleza kwamba ofisi yoyote inayotaka mtu aanze kazi mwanzo wa mwezi itampigia simu kabla ya mwisho wa juma, kwa sababu wakati ule jambo hilo halikunijia akilini hata kidogo.

Nilikaa miezi mitano. Kitengo tulichoajiriwa kikafungwa, na waliokuja mwisho wakawa wa kwanza kutoka. Nikarudi na mabegi yaleyale. Kanisani hakuna aliyeniuliza, "Si ulisema Mungu ndiye aliyekutuma?" Afadhali wangeuliza. Walinisalimia kwa upole kupita kiasi, kama mtu anayesalimiwa akiwa na msiba.

Aliyekuja kuniuliza ni mama mmoja mtu mzima wa kikundi chetu cha maombi, mwenye maneno machache. Tulikuwa tumemaliza kuomba, tunapanga viti. Akasema bila kunitazama, "Mwanangu, lile jambo lako la kazi. Ulimwuliza Mungu, au ulimwarifu?"

"Nilifunga siku tatu, mama."

"Hata kuarifu, mtu anaweza kuarifu akiwa amefunga." Akabeba kiti chake akakipeleka ukutani.

Nilikasirika karibu wiki nzima. Mtu akikuambia umekosea unaweza kubishana naye, lakini swali la namna ile unaondoka nalo, linakaa nawe kitandani.

Jambo la kwanza nililolifanya lilikuwa la kujitetea. Nikaenda kwa Gideoni, yule wa kitabu cha Waamuzi. Si yeye aliweka ngozi ya kondoo nje, akaomba umande uiloweshe ngozi peke yake, na asubuhi akakamua maji bakuli likajaa? Tena hakutosheka, usiku wa pili akaomba kinyume chake, ngozi iwe kavu na nchi yote iwe na umande. Kama yeye alipewa ishara mbili, kosa langu la simu moja lilikuwa wapi? Lakini nilipoisoma Waamuzi 6 kuanzia juu badala ya kurukia mstari wa 36, nikaona jambo ambalo mahubiri mengi niliyoyasikia huwa yanalipita. Gideoni alikuwa ameshaambiwa. Malaika ameshakuja, neno la kwenda kuwaokoa Israeli limeshatoka, na yeye mwenyewe anapoomba ngozi anakiri kwamba Mungu ameshasema. Hakuwa akitafuta njia. Aliijua njia, akaiogopa. Na Mungu akauvumilia woga wake, jambo ambalo kwangu ni muujiza mkubwa kuliko ule umande.

Nikaenda kwa Yoshua. Hapo ndipo nilipokaa muda mrefu, na bado sijatoka vizuri.

Yoshua 9. Wagibeoni wanakuja kwa hila, wamevaa nguo kuukuu na viatu vyenye viraka, wanasema wametoka nchi ya mbali na wanataka mapatano. Wanatoa ushahidi: mkate huu tuliuchukua ungali moto, tazameni sasa umekauka na kuota ukungu, viriba hivi vya mvinyo vilikuwa vipya, sasa vimepasuka. Watu wa Israeli hawakuwa wajinga. Waliwahoji wale watu, waliuona mkate, walivitazama vitu vyao. Kwa lugha ya leo tungesema walifanya utafiti. Halafu Biblia inaongeza sentensi moja fupi, kwamba hawakutaka shauri kinywani mwa Bwana. Siku tatu baadaye wakagundua kwamba wale wasafiri wa mbali ni majirani.

Zamani niliisoma habari hii nikadhani inawasuta kwa kutumia akili. Haisemi hivyo. Kuuchunguza mkate wa mtu anayekuomba mapatano ni busara, na asiyeuchunguza ni mzembe, hata akiwa mcha Mungu. Kosa lilikuwa mahali pamoja tu: ushahidi ulipowatosha, hawakuona haja ya kuuliza tena. Mithali nayo haijasema usizitumie akili zako. Imesema usizitegemee. Mtu anatumia fimbo kupigia nyoka, kuangulia embe, kusukumia kijiti cha njiani, na hakuna neno. Siku anapoiegemezea mwili wake wote ndipo atakapojua kama imeliwa na mchwa.

Katika andiko lilelile kuna neno jingine ambalo nililisoma vibaya kwa miaka. Lile la mwisho: naye atayanyosha mapito yako. Nilikuwa nalikariri hivyo mdomoni, lakini moyoni nikisikia atakuonyesha. Atanionyesha mapito. Maneno haya mawili yanakaribiana masikioni, ila ni kazi mbili tofauti kabisa. Anayeonyeshwa njia amesimama, anasubiri kuelekezwa kidole. Kunyosha ni kazi inayofanyiwa kitu ambacho tayari kipo. Hakuna anayenyosha nguo ambayo haijashonwa. Nilikuwa nimekaa na kitambaa mkononi miaka yote hiyo, sijakata wala kushona, nalalamika kwamba hakinyoshwi.

Sisemi Mungu haonyeshi. Huonyesha. Paulo alionyeshwa mtu wa Makedonia usiku, amesimama akimsihi avuke awasaidie. Ila isome Matendo 16 uone kilichotangulia. Walikuwa wamekatazwa na Roho Mtakatifu wasilihubiri neno katika Asia. Wakajaribu kwenda Bithinia, wakazuiwa tena. "Hapana" mbili mfululizo, na hakuna mahali panapoeleza kwa nini, wala ni kwa njia gani walizuiwa. Maono yaliwakuta Troa, ufukoni, watu ambao wamekuwa wakitembea siku nyingi na kugonga milango isiyofunguka. Na kilichofuata baada ya maono sahihi kabisa, mwongozo usio na shaka? Walipofika Filipi hawakukuta yule mwanamume wa ndotoni akiwapokea. Walikuta wanawake wamekusanyika kando ya mto, mmoja wao Lidia. Baadaye Paulo na Sila wakavuliwa nguo, wakapigwa bakora, wakafungwa miguu kwenye mkatale.

Hapo ndipo sura hii iliponichanganya, na ninaipenda kwa sababu hiyo. Nilikuwa nimeshaamua kwamba kazi yangu ya miezi mitano haikuwa ya Mungu kwa kuwa iliishia vibaya. Kwa kipimo hicho Filipi nayo haikuwa ya Mungu. Nikalazimika kuufuta ushuhuda wangu wa kwanza ("simu iliita, kwa hiyo ni Mungu") na ule wa pili niliokuwa naujenga kimyakimya ("kitengo kimefungwa, kwa hiyo hakuwa Mungu"). Zote mbili zilikuwa shuhuda za mtu anayesoma mapenzi ya Mungu kwenye matokeo, kama anayesoma alama za mtihani ubaoni.

Na kuhusu milango. Katika lugha yetu ya kanisani hakuna neno linalobebeshwa mzigo kama mlango. Mlango umefunguka, basi ni Bwana. Umefungwa, basi ni Bwana amefunga, au ni adui, kutegemea tulikuwa tunautaka kiasi gani. Mimi mwenyewe nimeitumia lugha hiyo mpaka ikachakaa. Sasa Paulo, akiwaandikia Wakorintho waraka wa pili, sura ya 2, anataja safari nyingine ya Troa, mji uleule wa maono. Anasema alipofika pale kwa ajili ya Injili alifunguliwa mlango katika Bwana. Mwenyewe ndiye anayesema "katika Bwana", si mimi. Na hakuingia. Hakuona raha nafsini mwake kwa sababu hakumwona Tito ndugu yake, akawaaga, akaondoka kwenda Makedonia.

Nilisoma mstari huo mara tatu nikidhani nimeruka neno. Mtume wa Mataifa, mlango wa Injili uko wazi mbele yake, anauacha kwa sababu ana wasiwasi juu ya ndugu. Na hakuna anapojuta.

Hapa inabidi niseme jambo ambalo nimekuwa nikilizunguka.

Nilimwambia yule mama nilifunga siku tatu. Ni kweli. Lakini miaka miwili kabla ya hapo nilikuwa nimeacha kusema na kaka yangu mkubwa. Baba alipougua, mimi ndiye niliyekuwa naye hospitali usiku, na kaka alikuwa mbali na kazi zake. Siku ya mazishi, mbele ya shangazi zetu, nikamwambia neno moja: "Wewe hukuwapo." Tu. Hakujibu. Alikaa siku mbili akaondoka, na tangu hapo akawa hapigi, nami sipigi. Mama akawa anapeleka habari huku na huku kama posta: kaka yako anakusalimu, mdogo wako hajambo.

Sasa rudi kwenye ukurasa wa daftari. Upande wa kushoto, sababu za kwenda, namba 4. Nimeandika: "Kuwa mbali kidogo na mambo ya nyumbani."

Niliipita sababu hiyo miezi mingi bila kuiona. Siku niliyoiona, nilikuwa natafuta namba ya simu ya fundi. Nilikaa pale na daftari mapajani nikaelewa kwa nini ishara yangu ilikuwa nyepesi kiasi kile. Sikuwa nauliza niende wapi. Nilikuwa nimeshaamua kuondoka, na nilimhitaji Mungu aniandikie ruhusa. Neno la mama yule lilikuwa sahihi kuliko alivyojua, au pengine alijua.

Maana uongozi wa Mungu juu ya jambo la kaka haukuhitaji kufunga. Umeandikwa. Mathayo 5, mstari wa 23 na 24: ukiwa madhabahuni na sadaka yako, ukakumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka pale, uende ukapatane naye kwanza. Zingatia ni nani mwenye neno. Ndugu yako ana neno juu yako. Yesu hasemi wewe una neno juu yake. Miaka miwili nilikuwa nimeisoma kinyume, nikijihesabu kuwa mimi ndiye mdai. Nilikuwa namsumbua Mungu anifunulie yaliyofichika, na yale aliyoyasema wazi nimeyafunika kwa kitabu cha nyimbo.

Kuna kisa cha Agostino, mwalimu wa Kanisa la kale, ambacho watu hukitumia kutetea kufungua Biblia kwa kubahatisha. Mwaka 386, katika bustani mjini Milan, alisikia sauti kama ya mtoto ikiimba, "chukua usome, chukua usome." Akachukua nyaraka za Paulo, akafungua, macho yakaangukia Warumi 13. Na mimi nimejaribu. Niliwahi kufunga macho, nikafungua, nikaweka kidole, nikajikuta katika Kutoka 26, nikiarifiwa kwamba pazia la maskani, lile hema la ibada la Israeli jangwani, liwe na urefu wa mikono 28. Nikaifunga Biblia taratibu. Lakini lililonigusa katika kisa cha Agostino si namna alivyofungua. Ni kwamba andiko lile halikumpa habari mpya hata moja. Lilimwambia aache ulevi na ufisadi, amvae Bwana Yesu Kristo. Alishajua. Alikuwa amelijua kwa miaka, akiliahirisha.

Baada ya kurudi nilikaa muda mrefu bila kazi ya maana, na hakuna sauti wala ndoto. Wakati huo nilikaa sana katika Hesabu 9, habari ya wingu juu ya maskani. Likiinuka, Israeli wanasafiri. Likitua, wanapiga kambi. Kinachonishangaza ni vipimo vya muda: siku mbili, au mwezi, au mwaka. Hawakuambiwa kabla. Mtu anapigilia vigingi vya hema jioni na hajui kama ataving'oa kesho au mwakani. Je, unapigilia kwa nguvu? Unampangia mtoto mahali pa kulala pa kudumu, au unaacha mizigo imefungwa? Nadhani waliochoka zaidi jangwani ni wale walioacha mizigo imefungwa. Nami nilikuwa mmoja wao. Nilikataa kazi ndogo mbili kwa sababu "nasubiri mwongozo wa Bwana", wakati chumba changu hakijafagiliwa na mama yangu anahitaji mtu wa kumsindikiza kliniki.

Mama huyohuyo, kabla sijaondoka, alikuwa ameniuliza, "Umefikiri vizuri, mwanangu?" Nikamjibu, "Mama, Mungu ameshasema." Jibu hilo linanichoma hadi leo. Mzazi atasema nini baada ya hapo? Abishane na Mungu? Nililitumia jina la Mungu kama komeo. Wapo wanaolitumia kwa mambo mabaya zaidi, kama kijana anayemwendea binti na kumwambia ameonyeshwa kuwa yeye ndiye mke wake, naye binti anabaki kujiona mwasi kwa kuwa tu hampendi. Mitume walipokutana Yerusalemu kuamua habari ya watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, walibishana kwanza. Matendo 15 inasema hoja zilikuwa nyingi. Watu walisimama wakaeleza waliyoyaona, mwingine akaleta Maandiko, na mwisho barua yao ikaandikwa kwamba imempendeza Roho Mtakatifu na sisi. "Na sisi." Walithubutu kuweka jina lao hapo. Siku hizi, ninapoamua jambo, najilazimisha kusema "nimeamua", na kama nimeomba nasema nimeomba. Jambo likiharibika, lawama zinajua pa kufikia.

Kuna rafiki yangu anayemwomba Mungu hata juu ya nguo ya kuvaa. Zamani nilimcheka, sasa nacheka kidogo tu. Lile andiko la Mithali limesema umkiri Mungu katika njia zako zote, halikuweka kima cha chini. Nikimtazama vizuri naona hasubiri sauti itoke kabatini. Anasema maneno mawili na Baba yake huku akifunga vifungo, anaondoka. Mimi niliyekuwa namcheka ndiye niliyekuwa nikimwendea Mungu kwa mambo makubwa tu, kwa miadi, kama anayekwenda kwa wakili.

Simu kwa kaka niliipiga siku ya Jumanne usiku. Nitakiri kitu cha aibu: nikiwa nimeshaitafuta namba yake, kidole kiko juu ya kioo, nilianza kuomba, "Bwana, kama ni mapenzi yako nimpigie…" Sikumaliza. Nilijisikia, nikacheka peke yangu gizani, nikabonyeza.

Iliita sana. Nikaanza kuhesabu. Mlio wa sita, wa saba. Nilipokaribia kukata ikapokelewa, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa ya mtoto. Kaka ana mtoto mmoja, na mara ya mwisho nilipomwona alikuwa bado hajajua kusema, amebebwa mgongoni kwenye mazishi ya babu yake.

"Wewe nani?" akauliza.

Nikamwambia amwambie baba yake kwamba ni mdogo wake.

"Baba," akaita, simu akiwa ameishika karibu mno na mdomo, "kuna mtu anasema ni mdogo wako."

Kimya. Halafu nikasikia kiti kikisogezwa.